Bustani za masultani wa Unguja: tafuta maji kwanza, maua baadaye

Ukipanda daladala ya 502 kutoka mjini kwenda Bububu, hujafika mbali utapita magofu mawili ya kifalme upande wa pwani: Maruhubi kwanza, kisha Mtoni. Kila mtu wa Unguja anayajua kwa jina. Waliopelekwa huko na skuli, au waliowapeleka wageni, karibu wote wana picha ile ile ya Maruhubi: nguzo nene za mawe zimesimama zenyewe, hazina dari la kubeba. Wanaouliza habari za bustani ni wachache, nao hutazama huku na huku, wakaona majani, minazi na mbuzi wawili watatu, wakaondoka na imani kwamba bustani ilikuwepo zamani na sasa imekwisha.

Sehemu yake imekwisha, kweli. Lakini iliyobaki ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, ila inampita mtu kwa sababu anatafuta kitu chengine. Kwa wengi wetu leo bustani ni Forodhani: majani yaliyokatwa, njia za kupitia, viti, maua yaliyopangwa, watu wanapunga upepo. Sura hiyo iliingia Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na ikashika mizizi katika karne ya 20, chini ya Waingereza. Bustani ya masultani wa kwanza ilijengwa kwa vitu vitatu: maji yanayotembea, ukuta, na kivuli cha mti unaozaa. Maua yalikuwepo, na nitayafikia, lakini kazi yake haikuwa kupamba kiwanja.

Kwa hivyo tuanze na maji, na ili kuyaelewa maji inabidi tupande vilimani.

Kwa nini pale pale

Unguja ina sura mbili. Mashariki na kusini kumetawaliwa na uwanda, mawe ya matumbawe yenye udongo mwembamba juu yake, ambako mvua ikinyesha huzama moja kwa moja na mtu hulazimika kuyafuata maji kisimani au pangoni. Upande wa magharibi, kuanzia nje ya mji kwenda kaskazini, mambo ni mengine: udongo wa kinongo, mwekundu na wenye kina, na vilima virefu ambavyo Masingini ni kimoja wapo. Maji ya masika huingia ndani ya vilima hivyo, yakatoka tena miguuni mwake kama chemchemi na vijito, kisha yakateremka kwenda pwani ya magharibi. Chemchem, Mwanyanya, Bububu, Mtoni, yote ni maeneo ya mteremko huo mmoja.

Sasa chukua ramani uweke kidole kwenye nyumba za kifalme za pwani hiyo: Maruhubi, Mtoni, Kibweni, Beit el-Ras. Zote zimebanana kwenye kipande kifupi, vilima nyuma na bahari mbele. Maelezo ya kawaida ni kwamba wafalme walifuata upepo na kuukimbia mji na harufu zake. Sibishi, ila upepo uko pwani nzima. Maji yanayotembea juu ya ardhi yako mahali pachache, na hapo ndipo penyewe. Kasri la Chukwani, kusini ya mji, ndilo linalovunja kanuni hii, na hilo kweli lilijengwa kwa ajili ya upepo: Sultan Barghash alikuwa akienda huko kupumzika na kutafuta afya.

Mtoni: shamba lililoingizwa ndani ya ukuta

Mtoni ilianza kama shamba. Mwenyewe alikuwa Saleh bin Haramil al-Abri, Muomani anayetajwa kuwa miongoni mwa walioleta mkarafuu Unguja, mwanzoni mwa karne ya 19, kutoka visiwa vilivyokuwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, na shamba lile likatoka mikononi mwa Saleh likaingia mikononi mwa mtawala. Kasri likajengwa hapo miaka hiyo hiyo, na Unguja ilipofanywa makao ya dola, Mtoni ikawa nyumba kuu ya familia.

Watu huisoma habari hii ya umiliki kama siasa tu, lakini ndani yake mna ufunguo wa bustani yenyewe. Kasri la kwanza kubwa la Mabusaidi, ukoo wa Seyyid Said, kisiwani lilisimama juu ya shamba la biashara, na shamba halikuondoka kasri lilipokuja. Binti wa Seyyid Said, Salme, aliandika kwamba baba yake alikuwa na mashamba 45. Said huyu huyu ndiye anayesimuliwa kwamba aliwaamuru wenye ardhi wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Mtu wa namna hiyo hakuwa na haja ya kuchora mpaka baina ya mti wa kupendeza na mti wa kuleta fedha.

Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Baadaye aliolewa na Mjerumani akahamia Ujerumani, na kumbukumbu zake zilichapishwa huko mwaka 1886. Hakuna shahidi aliyeikaribia Mtoni kuliko yeye, ingawa ni vyema kukumbuka kwamba aliandika akiwa mtu mzima, mbali, mwenye hamu ya kwao. Mtu wa hali hiyo huikumbuka michungwa mirefu kidogo kuliko ilivyokuwa. Anaeleza kijito kinachotoka mbali, kinapita eneo la kasri na, ndani ya kuta, kinajaza mabirika kabla ya kumwagika baharini mbele ya nyumba. Anaeleza majengo yaliyoongezwa moja baada ya jengine bila ya mpango wa kuyaunganisha, yakizunguka ua mkubwa. Mwisho wa ua kulikuwa na safu ya mabafu, na karibu yake michungwa mirefu ambayo yeye na wenzake walikuwa wakiipanda wakajificha juu, hasa walipomwogopa mwalimu wa chuoni.

Ua wenyewe ulikuwa na wanyama walioachwa huru: swala, tausi, kanga, heroe, bata, hata mbuni. Tausi mmoja dume, mzee na mkali, hakuwapenda watoto. Siku moja alimrukia kaka yake Salme, na watoto wakamzidi nguvu wakamnyonyoa mkia. Bahati yao, baba hakuwepo, alikuwa mjini. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinatwambia ua ule ulitumikaje. Watoto walikuwa wakikimbia humo, watumwa wakipita na mizigo, watu wakienda kuoga na kurudi, na ndege wa fahari wakiwa katikati yao wote. Hakuna aliyetazamiwa kukaa kando akastaajabu.

Sehemu pekee iliyowekwa kwa ajili ya kutazama iligeukia bahari. Mbele ya kasri kulikuwa na roshani kubwa ya mviringo, imeezekwa na imenyanyuliwa juu ya nguzo, ambayo Salme anaiita benjle. Hapo Seyyid Said alikuwa akitembea huku na huku katika mawazo yake, hapo familia ilikunywa kahawa, na hapo palikuwa na darubini ya kuangalia merikebu. Hebu zingatia mpango huo: bustani iko ndani, nyuma ya kuta, kwa ajili ya kuishi, na mandhari ya kutazama ni bandari.

Oman, Uajemi, na kinachochanganywa

Maandishi mengi ya watalii huziita hizi "bustani za Kiajemi". Hapa pana vitu viwili vilivyofungwa fundo moja, na yafaa kulifungua.

Bustani ya Kiajemi kwa maana yake kamili ni kiwanja cha mraba kilichozungushiwa ukuta na kugawanywa robo nne kwa mifereji inayokutana katikati. Ni bustani ya hesabu. Anachokieleza Salme si hicho. Mfereji wa Mtoni una nasaba ya karibu zaidi na Oman, nchi alikotoka Seyyid Said, ambako kijiji kizima huishi kwa falaj: mfereji unaotoa maji chini ya mlima na kuyapeleka kwa mteremko tu, bila ya mashine. Falaj ina adabu yake. Maji hupita kwanza mahali pa kunywa, kisha msikitini, kisha mahali pa kuoga, ndipo yakateremka mashambani, na huko mitende hutangulia mazao ya msimu. Aliye juu hayachafui maji ya aliye chini.

Mtoni, mtu aliyelelewa na falaj alipewa kijito kisichokauka upesi, mvua mbili kwa mwaka na udongo wa kinongo. Akafanya lile alilolijua, kwa wasaa zaidi. Kilichobadilika ni miti. Mtende hauipendi mvua wakati tunda linapoiva, kwa hivyo nafasi yake ilichukuliwa na minazi, michungwa, miembe na mikarafuu.

Uajemi uliingia kwa mlango wa hamamu. Mtoni palikuwa na hamamu ya Kiajemi, na mabaki ya hamamu yapo hadi leo pale kwenye magofu, yenye vyumba vyenye kuba. Lakini anayetaka kuiona Uajemi ya kweli aende Kidichi, juu ya vilima, kwenye mashamba ya karafuu. Mwaka 1850 Seyyid Said alijenga huko hamamu kwa ajili ya mkewe Shehrzad, mjukuu wa Shah Fath Ali wa Uajemi. Jiko la kuni nyuma ya jengo lilipasha moto maji na sakafu. Ndani, kuta zimepambwa kwa chokaa iliyochongwa kwa mkono: tausi, mitende, maua, mivinje myembamba ya Kiajemi ambayo haijapata kuota Kidichi.

Mimi naihesabu Kidichi kuwa bustani ya kifalme iliyohifadhika kuliko zote Unguja, na sisemi kwa mzaha. Kila bustani nyengine imepoteza miti yake au maji yake. Hii imechongwa ukutani, na mtunza bustani wake ni anayezuia paa lisivuje. Inashangaza pia kwa sababu ya mwenyewe. Seyyid Said alikuwa Ibadhi, na misikiti ya Kiibadhi inajulikana kwa kuta zake tupu. Ndege aliyechongwa ni jambo geni katika nyumba kama yake. Yaonekana alimwachia mke wa kigeni apambe chumba chake cha kuogea kwa sura za kwao. Ukisimama katikati ya chumba mwangaza wa kuba unaposhuka, shingo za tausi zinajitokeza kwa vivuli, na unaona pia mahali ambapo mikupuo ya chokaa ya miaka ya baadaye imeviziba vidole vya fundi. Shehrzad mwenyewe hakudumu Unguja. Ndoa ilivunjika akarudi Uajemi.

Maua yalikwenda wapi

Yalikwenda mwilini. Hili ndilo jibu ambalo mwanamke yeyote wa pwani angelitoa bila ya kufikiri, na ambalo vitabu vya bustani hulisahau. Asumini, waridi, mkadi, kilua, mrehani: mimea hii hupandwa karibu na mlango au kisima, na maua yake huchumwa. Asumini huchumwa jioni, vichwa vikiwa bado vimefumba, vifumbuke usiku vikiwa vimeshatungwa. Kikuba hubandikwa kwenye nywele au kifuani, koja huvishwa bi harusi, waridi hutawanywa kitandani, na mengine hufukiwa pamoja na nguo. Ua lililobaki mtini hadi asubuhi limepotea bure.

Ukiliweka hilo akilini, mpango wa bustani unaeleweka. Huhitaji tuta refu la maua ya rangi yanayoonekana kwa mbali kutoka dirishani. Unahitaji vichaka vichache vya harufu, karibu na maji na karibu na vyumba vya wanawake, ambavyo mtu anaweza kuvifikia kwa mkono magharibi ikikaribia. Upepo unafanya yaliyobaki. Mimea ya namna hiyo haiachi alama katika magofu: hakuna tuta, hakuna ukingo wa matofali. Mkulima akiondoka, kichaka cha asumini hufa au hugeuka pori, na mtaalamu wa miaka 150 baadaye huandika kwamba "hakuna ushahidi wa maua".

Mikono iliyofanya kazi

Salme anakisia kwamba watu wapatao 1,000 waliishi Mtoni. Familia yenyewe ilikuwa sehemu ndogo. Waliobakia, walio wengi, walikuwa watumwa, na kila tulichokisifu mpaka hapa kilipita mikononi mwao. Mfereji wa mteremko hauna mashine, lakini una tope. Kila masika kinongo huteremka na maji, kikajaa kwenye mabirika, na mtu lazima aingie akizoe kwa kapu. Kuni za hamamu zilikatwa na kubebwa. Maua yalichumwa na kutungwa na vijakazi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 na utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya sheria mwaka 1897. Ndani ya miaka hiyo hiyo bustani hizi moja baada ya nyengine ziliachwa. Zilikuwepo sababu nyengine, ikiwemo mioto na mabadiliko ya utawala, lakini mimi siwezi kuzisoma tarehe hizo mbili kama sadfa.

Mtoni ilianza kufifia mapema. Seyyid Said alifia baharini Oktoba 1856 akirudi kutoka Oman, na watawala waliofuata waliupendelea mji. Kufika miaka ya 1880 kasri lilikuwa limeshahamwa. Baadaye liligeuzwa ghala, na moto wa mwaka 1914 ukamaliza.

Barghash na bustani ya aina ya pili

Sultan Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alikuwa mtu mwengine kabisa kwa habari ya macho. Kijana aliyeshindwa kumpindua kaka yake Majid mwaka 1859, akapelekwa uhamishoni Bombay kwa miaka miwili. Sultani aliyekwenda London mwaka 1875. Aliona miji inayotawaliwa kwa mabomba ya maji, na aliona viwanja vikubwa vya miti vilivyozungushiwa ukuta, ambamo nyumba ni kitu kimoja tu ndani ya mandhari pana.

Maruhubi, iliyojengwa baina ya 1880 na 1882 kwenye ardhi iliyokuwa ya Mwarabu wa ukoo wa Marhubi, ndipo macho hayo yalipotua. Ilikuwa nyumba ya masuria wake. Waongozaji wa watalii hupenda kukaa sana kwenye idadi yao, 99 husemwa, na ni hasara, kwani chenye maana kiko chini ya miguu yao. Kwanza, ukuta mrefu uliozunguka eneo zima, ambao husemekana uliigwa kwenye viwanja alivyoviona Uingereza. Ukuta wa Mtoni ulikuwa wa kuficha watu. Huu ulikuwa wa kuonesha ukubwa wa ardhi. Ndani yake ilipandwa miembe. Pili, maji: mfereji ulioinuliwa juu ya nguzo uliyaleta hadi kwenye mabirika makubwa na kwenye mabafu yenye kuba. Mabirika yapo mpaka leo, na mayungiyungi yameota ndani yake. Marumaru ya mabafuni haipo tena.

Na tatu, zile nguzo za kwenye picha. Watu hudhani zilibeba ukumbi au paa la kasri. Zilibeba roshani pana ya mbao iliyozunguka ghorofa ya juu. Kwa maneno mengine, nguzo zile zilikuwa za bustani kama zilivyokuwa za nyumba: ziliwanyanyua wanawake waliofungiwa humo wakaweza kuiona miembe kwa chini na bahari kwa mbele, bila ya wao kuonekana na wa nje. Mtoni bustani ilikuwa ndani na nyumba kuizunguka. Maruhubi mambo yamegeuzwa, nyumba iko katikati na bustani ndiyo inayozunguka. Ndani ya nusu karne, kwenye pwani ile ile na maji ya vilima vile vile, fikra ya bustani ilikuwa imepinduliwa nje ndani.

Moto wa mwaka 1899 ulikula mbao zote. Mawe yakabaki, na kwa sababu kilichobaki ni mawe, tumejifunza kuikumbuka Maruhubi kama jengo.

Yafaa kusema pia kwamba Barghash huyo huyo aliyavuta maji ya Chemchem kwa mabomba hadi mjini, na akajenga hamamu ya umma ambayo mtaa wa Hamamni umepata jina kwake. Elimu ya maji iliyokuwa ya uani mwa mfalme ikatoka nje ya ukuta. Watu wa mji waliomsifu kwa hilo huenda hawakujua kwamba walikuwa wananufaika na ufundi ambao familia yake ilikuwa ikiufanyia mazoezi kwenye bustani zao tangu Mtoni.

Wakati huo huo, Mbweni, balozi wa Uingereza John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea, alikuwa na bustani ya majaribio na akipelekeana mimea na bustani ya Kew ya London. Kwa Kirk bustani ilikuwa mkusanyiko wa mimea ya kuandikwa na kupelelezwa. Hiyo ni fikra ya tatu, na mimea yake mingine ilihamia kwenye viwanja vya mji.

Bustani zilizofunguliwa milango

Kiwanja cha Vuga tunachokiita leo Bustani ya Jamhuri kilikuwa kwanza cha Barghash, kwa ajili ya wanawake wa nyumba yake. Sultan Hamoud akakifungua kwa watu mwishoni mwa karne ya 19 na kikapewa jina la Malkia Victoria. Jengo lililo humo lilikuwa Baraza la Kutunga Sheria kuanzia 1926 hadi 1964. Kwa hivyo kipande kimoja cha ardhi kimekuwa cha harimu, cha malkia wa mbali, cha wabunge, kisha cha wanaosubiri magari chini ya kivuli.

Bustani iliyo baina ya Beit al-Ajaib na Kasri la ufukweni ina asili ya ajabu zaidi: ilipatikana kwa mizinga. Hapo palisimama Beit al-Hukm mpaka tarehe 27 Agosti 1896, siku manowari za Waingereza zilipolipiga eneo la kasri kwa muda usiofika saa moja, kumng'oa Khalid bin Barghash aliyejitwalia usultani. Jumba halikujengwa tena. Palipandwa miti.

Forodhani ni ndogo kwa umri kuliko zote. Eneo hilo lilikuwa la ushuru na mizigo. Bandari ilipohamia Malindi pakabaki wazi, na mwaka 1936 pakatengenezwa bustani kuadhimisha miaka 25 ya Sultan Khalifa bin Harub. Ilifanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2009. Ni bustani nzuri, na urojo wake mimi sina neno nao, lakini haina udugu na Mtoni. Ni bustani ya mji wa bandari chini ya himaya, yenye kibanda cha bendi. Anayeitumia kama kipimo cha bustani ya sultani lazima apotee.

Miti iliyobaki

Swali ambalo watu huuliza mwisho ni kama kuna mti wowote wa zama za Seyyid Said. Hapa kimbunga cha Aprili 1872 lazima kitajwe. Kiliiangusha mikarafuu na minazi ya Unguja kwa wingi mno, hata uzito wa biashara ya karafuu ukahamia Pemba ambayo iliponea. Mwembe au mkarafuu wowote mkubwa unaooneshwa kuwa ni "wa Seyyid Said" ama ulinusurika siku ile au ulipandwa baada yake, na wa pili ndio wengi.

Safu ya miti ya kifalme inayoonekana vizuri zaidi haiko kwenye kasri lolote. Ukienda Makunduchi, baada ya Tunguu, gari inaingia chini ya miembe mikubwa iliyopandwa kwa mistari pande mbili za barabara. Ni miembe ya Bi Khole, binti wa Seyyid Said, aliyekuwa na nyumba ya shamba pwani ya Bungi. Magofu yake yapo. Kuna hadithi ya kutisha kuhusu Bi Khole na vijana watumwa waliopanda miembe ile, na kila msimuliaji huongeza lake. Mimi huiachia hadithi wenyewe. Inayonivutia ni mistari yenyewe: mti wa matunda, kivuli cha msafiri, na njia inayomwongoza mgeni hadi mlangoni. Ni fikra ya Mtoni iliyonyooshwa barabarani, na bado inafanya kazi kila siku, abiria wakilala usingizi chini yake.

Mtoni kuta zimefanyiwa kazi ya kuziimarisha, na jioni za muziki zimewahi kufanyika uani. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini fedha za uhifadhi hufuata mawe, kwa sababu mawe hupigwa picha, na mfereji haupigwi. Kama ningeulizwa pa kuanzia, ningesema mifereji isafishwe na kuchorwa kwanza: maji yalikuwa yakiingia wapi, yakigawanyika wapi, yakitokea wapi. Mji umeshapanda hadi miguuni mwa vilima, na kila msingi wa nyumba mpya kwenye mteremko ule unaweza kukata njia ya zamani ya maji ambayo hakuna aliyeiweka kwenye karatasi.

Kwa anayetaka kujionea, ushauri wangu ni kufuata mteremko. Anza Kidichi asubuhi, uione chokaa kabla ya makundi kufika. Teremka Mtoni, uutafute mlango wa kijito kabla ya kutazama ghorofa. Malizia Maruhubi, na ukifika usiende moja kwa moja kwenye nguzo. Nenda kwenye mabirika, simama kwenye ukingo, ufuate kwa macho mstari wa nguzo fupi za mfereji kuelekea nchi kavu mpaka unapopotea. Masika au mara tu baada yake ndio wakati bora. Chukua viatu visivyoogopa tope.